Michezo ya Jadi na Kipindi cha Jimu: Kutoka Katanga hadi Chaussée de Wavre

Shule za msingi za Ubelgiji zina vipindi 2 vya mazoezi ya viungo kwa wiki. Sisi tuliosoma hapa tuliviita jimu tu, na tunakumbuka jinsi vilivyokuwa: kukimbia kuzunguka ukumbi, kuruka boksi, kupanda kamba, mpira wa kikapu, na kukiwa na jua, mpira wa miguu nje. Mdako haukuwemo. Wala hakuna kati yetu aliyeutarajia, kwa sababu mdako ulikuwa mambo ya nyumbani, ya mama na mashangazi, na jimu ilikuwa mambo ya shule. (Kwa asiyeujua: unachimba shimo dogo, unatia kokoto ndani, unarusha kokoto moja juu, na kabla hujaidaka uwe umeshazikokota zile nyingine nje ya shimo.)

Katika makala hii nataka kuuliza mpaka huo, kati ya mchezo wa nyumbani na mchezo wa shule, uliwekwa lini na uliwekwa na nani. Jibu linapita Katanga, Rwanda na Flanders, lakini naomba tuanzie barabarani kwetu.

Chaussée de Wavre inaanzia karibu na Porte de Namur, na kipande chake cha kwanza ndicho moyo wa Matonge: saluni, vitenge, samaki wa chumvi, muhogo, kadi za simu. Mtaa wa jirani ndiko ilikofunguliwa Maison Africaine mwaka 1961, nyumba ya wanafunzi waliotoka Kongo na nchi nyingine za Afrika, na maduka na baa vilifuata wateja hao. Jina Matonge lilikuja kutoka Kinshasa, kutoka wilaya ya Kalamu. Ndiyo maana hapa Lingala inasikika kuliko Kiswahili, na sisi wa Bukavu, Uvira, Goma na Lubumbashi tunabaki kutambuana kwa masikio. Lakini Kalamu ya Kinshasa ina kitu kingine kinachohusu habari yetu: uwanja wa michezo unaoitwa Tata Raphaël, ule ule ambao Muhammad Ali alimwangusha George Foreman tarehe 30 Oktoba 1974.

Tata Raphaël alikuwa padre Mbelgiji, Raphaël de la Kethulle, wa shirika la Scheut, ambalo lilianzia hapa hapa Brussels, upande wa Anderlecht. Alifika Léopoldville mwaka 1917, akafungua shule, na mwaka 1919 akaanzisha chama cha michezo cha Wakongo. Uwanja mkubwa ulizinduliwa mwaka 1952 kwa jina la Mfalme Baudouin. Jina la padre lilikuja baadaye sana, mwaka 1997. Kwa mapadre wa wakati ule, mpira ulikuwa sehemu ya malezi. Kijana anayecheza uwanjani Jumapili jioni hayuko kwenye pombe, hayuko kwenye ngoma, na yuko mahali ambapo padre anamwona.

Upande wetu wa Kiswahili, mambo yalikuwa hivyo hivyo. Mwaka 1939, kule Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, wamonaki Wabenediktini waliokuwa wakiongoza shule ya Saint-Boniface waliunda timu ya mpira kwa ajili ya wanafunzi wasiokusudia kuwa mapadre. Timu ile iliitwa Saint-Georges. Leo tunaijua kama TP Mazembe. Kwa hiyo ukimwona kijana anapita Chaussée de Wavre na jezi nyeusi na nyeupe yenye mamba, amevaa, bila kujua pengine, historia ya shule ya misheni.

Huo ni uwanja. Darasani kulikuwa na jambo jingine: mazoezi ya viungo kwa mistari na amri. Asili yake ni Uswidi, ambako Per Henrik Ling alifungua chuo chake cha Stockholm mwaka 1813. Mfumo wake ulienea Ulaya nzima, na Ubelgiji uliupenda. Chuo kikuu cha Gent kilianzisha taasisi ya elimu ya viungo mwaka 1908, mapema kuliko karibu vyuo vyote vya dunia. Katika mfumo wa Ling mtoto hachezi. Anasimama mahali pake, ananyoosha mkono, anainama, anahesabiwa moja, mbili. Faida yake kwa shule ni kubwa: mwalimu mmoja anaweza kuongoza watoto sitini bila mpira hata mmoja. Kwa shule za misheni za Kongo, ambazo serikali ya kikoloni iliziachia karibu kazi yote ya elimu, hiyo haikuwa faida ndogo.

Nisieleweke vibaya. Sijasema kwamba mapadre walipiga marufuku mdako. Watoto waliendelea kuucheza, wakati wa mapumziko, njiani, nyumbani. Kilichotokea ni kimya zaidi ya marufuku. Shule ilikuwa na ratiba, na kilichomo kwenye ratiba kiliitwa elimu. Kisichomo kiliitwa utoto.

Mfano wa wazi kuliko yote ninaoujua unatoka Rwanda. Mwaka 1907 Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg, Mjerumani, alifika Nyanza kwa Mwami Yuhi Musinga. Miongoni mwa mambo aliyoonyeshwa ni kuruka juu, gusimbuka. Vijana walikimbia, wakakanyaga jiwe au kichuguu kidogo, wakaruka juu ya unyasi uliolazwa kati ya miti miwili. Duke aliandika kwamba aliyewashinda wenzake alipita mita 2.50. Rekodi ya dunia wakati ule, ya Mmarekani Michael Sweeney tangu 1895, ilikuwa mita 1.97. Katika picha maarufu ya safari ile mrukaji yuko hewani, na chini yake wamesimama Wazungu wawili, mmoja akiwa Duke mwenyewe, bila kuinamisha vichwa.

Picha ile ilizunguka Ulaya miaka mingi, na kila aliyeiona aliona alichotaka. Wengine waliota medali za Olimpiki. Wengine waliitumia kulisha ile hadithi mbaya kwamba Watutsi ni watu wa asili nyingine, majitu yaliyotoka mbali, hadithi ambayo sote tunajua ilikoishia. Mtaalamu John Bale aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili mwaka 2002, na hoja yake imenikaa kichwani: waliopima walikuwa wageni. Katika ikulu gusimbuka haikuwa shindano la sentimita. Ilikuwa sehemu ya malezi ya intore, vijana waliofundishwa kucheza ngoma, kutupa mkuki, kulenga shabaha kwa upinde, kusema vizuri. Kuruka kulikuwa namna ya kuonyesha umekua mtu wa aina gani. Jiwe la kukanyagia, ambalo mwamuzi wa Ulaya angelihesabu kuwa udanganyifu, halikumsumbua mtu.

Halafu shule ikaja. Wabelgiji waliingia Rwanda mwaka 1916, na kuanzia 1929 Mabruda wa Upendo kutoka Gent walijenga shule kubwa ya Astrida, mji unaoitwa leo Huye. Watoto wa machifu, wale wale ambao zamani wangelelewa ikulu kama intore, sasa waliketi madawatini, wakavaa sare, wakacheza mpira. Gusimbuka ilibaki kwa ajili ya wageni mashuhuri na kamera. Hapo mchezo umekufa, hata kama watu bado wanaruka. Mtoto hakuwa na sababu ya kuujifunza, kwa sababu haukumpeleka popote tena: si ikulu, si shuleni.

Naona jambo hili ni muhimu kwa mtu yeyote anayetaka "kurudisha michezo ya jadi" shuleni. Ukichukua gusimbuka leo ukaiweka kwenye jimu na futi ya kupimia, umerudisha alichokiona Duke. Hujarudisha alichokifanya kijana.

Sasa tuje kwenye vitabu. Mwaka 1963, mwaka ule ule jaribio la Katanga kujitenga lilipovunjwa, kituo cha utafiti cha Elisabethville kilichoitwa CEPSI kilitoa kitabu kinene cha Th. Centner juu ya mtoto wa Kiafrika na michezo yake katika maisha ya jadi ya Katanga. Kimeandikwa kwa Kifaransa. Miaka 14 baadaye, mwaka 1977, kituo cha CEDAF cha hapa Brussels kilichapisha utafiti wa Philip Townshend juu ya michezo ya jamii ya bao katika Zaire, Rwanda na Burundi. Maana yake ni kwamba michezo ya bibi zetu imeandikwa, na imewekwa kwenye rafu ambazo mwanafunzi wa Brussels anaweza kuzifikia kwa tramu. Mwalimu wa shule ya msingi wa Uvira hawezi kuzifikia kwa urahisi huo. Tunalalamika sana kwamba historia yetu haikuandikwa. Hii iliandikwa. Haikufundishwa.

Townshend ananipa pia fursa ya kusema juu ya igisoro, ambayo baba zetu wengi wanaiheshimu kuliko mchezo wowote. Ubao una mistari 4 ya mashimo 8, yaani mashimo 32, na mbegu 64. Kila mchezaji ana mistari 2 ya upande wake. Ni hesabu ile ile ya omweso wa Buganda na ya bao la Kiswahili la pwani, ingawa bao lina mambo yake: nyumba, kimbi, hatua ya namua kabla ya mtaji, kutakata. Mtoto wa miaka minane anayepiga igisoro anagawanya, anajumlisha, anatazama mbele mizunguko mitatu, na hakuna aliyemwambia kwamba hii ni hisabati. Burundi wanauita ikibuguzo, na katika sehemu za Kongo utasikia kisolo. Majina yanasafiri na kubadilika njiani, kama sisi.

Lakini peleka ubao wa igisoro kwa mwalimu wa jimu. Atasema, na kwa haki yake, hapa hakuna jasho. Peleka kwa mwalimu wa hisabati, atasema huu ni mchezo. Nimekuja kuamini kwamba tatizo liko hapo zaidi ya kwenye ukoloni peke yake. Shule ya aina hii imemgawa mtoto: mwili una saa zake, kichwa kina saa zake. Michezo mingi ya kwetu haikugawanywa hivyo. Mdako ni mkono na jicho na hesabu na masengenyo kwa wakati mmoja. Haupati mahali pa kukaa kwenye ratiba.

Mtu anaweza kusema hayo ni mambo ya Afrika na wakoloni wake. Hapana, na hapa Ubelgiji wenyewe una la kutufundisha. Mwaka 1560 Pieter Bruegel, ambaye baadaye alihamia Brussels na kuoa hapa, alichora picha ya watoto wanaocheza. Leo iko Vienna. Wataalamu wamehesabu ndani yake michezo zaidi ya 80. Itazame polepole. Kuna pia zinazochapwa kwa mijeledi. Kuna mironjo. Kuna watoto wanaosukuma ringi kwa kijiti, sawasawa na mtoto yeyote wa Goma na tairi lake. Na chini kabisa, pembeni kushoto, wasichana wawili wamechuchumaa wanarusha vifupa na kuvidaka. Huo ni mdako usio na shimo.

Michezo hiyo ya Flanders nayo iliachwa nje ya mlango wa shule. Jimu ya mistari na amri haikuwapendelea watoto wa wakulima wa Flanders kuliko watoto wa Katanga. Tofauti imekuja baadaye. Mwaka 1973 Roland Renson na wenzake wa chuo kikuu cha Leuven walianza kutembea vijiji kwa vijiji kuandika michezo iliyobaki: mipira ya mbao, mishale ya kulenga juu ya nguzo, vigingi vya kuangusha. Hawakuishia kwenye kitabu. Walianzisha kituo, wakawaunganisha wachezaji katika mashirikisho, wakatengeneza vifaa vya kuazimisha, na mwaka 2004 ikafunguliwa nyumba ya makumbusho ya michezo, Sportimonium, kule Hofstade, yenye bustani ambamo unaruhusiwa kucheza na si kutazama tu. Mwaka 2011 UNESCO iliuweka mpango wao kwenye orodha ya mifano mizuri ya kuhifadhi urithi. Shule inaweza kuazima michezo ya jadi ya Flanders ikaipeleka kwenye jimu.

Ninapowaza juu ya tarehe hizi mbili, 1973 na 1977, sitaki kuwaonea wivu Wafleming. Kwao mchezo uliandikwa na watu waliokuwa wanaucheza, au ambao babu zao waliucheza, na uliandikwa ili urudi uwanjani. Kwetu uliandikwa na mgeni, kwa lugha ambayo wachezaji hawakuisoma, ili wasomi wengine waulinganishe. Kazi ya Townshend ni nzuri. Ila haikuwa na uwanja wa kurudia.

Pale ambapo Waafrika wenyewe wamejaribu, kuna mfano mmoja ambao dada zetu wengi wa Matonge wataucheka kwa furaha: nzango. Wasichana wawili wanakabiliana, wanapiga makofi, wanaimba, wanaruka na kutoa mguu mmoja mbele kwa wakati mmoja. Pointi inategemea kama miguu imelingana au imepishana. Ni mchezo wa uwanja wa shule wa pande zote mbili za mto Kongo, na kwa miaka mingi hakuna mwalimu aliyeupa hata dakika moja. Halafu Kongo-Brazzaville waliuandikia sheria, timu na waamuzi, na katika Michezo ya Afrika ya Brazzaville ya mwaka 2015 nzango ilionyeshwa mbele ya bara zima.

Wako wanaosema nzango ya sare na filimbi si nzango. Nawaelewa. Nzango ya asili haina mwamuzi. Ukibisha, mnabishana mpaka kengele ilie, na kubishana huko ndiko nusu ya utamu. Hata hivyo mimi nasimama upande wa Brazzaville, kwa sababu moja. Ule ulikuwa mchezo wa wasichana. Mapadre walijenga viwanja kwa ajili ya wavulana, na wasichana walibaki na kile walichojitengenezea wenyewe, bila mpira, bila kiatu, bila ruhusa. Kuona kitu hicho kinaingia uwanjani kwa mlango wa mbele si jambo dogo, hata kama kimelazimika kuvaa jezi.

Basi tuseme mwalimu wa shule moja karibu na Chaussée de Wavre anakuja kwenye klabu yetu na kutuambia: nina vipindi 2 kwa wiki, ukumbi wenye sakafu ya mbao, watoto 24, nusu yao wazazi wao wametoka nchi zenu, nifundishe mdako. Tungempa nini? Sakafu haichimbiki, hivyo shimo litakuwa duara la chaki. Kokoto tutatafuta. Sheria ndizo zenye kazi.

Muhula huu baadhi yetu tumeanza kuwauliza mama zetu na marafiki zao, kwa sababu kitabu cha 1963 hakiwezi kukuonyesha kasi ya mkono. Tumeshapata majibu matatu, na hayalingani. Mama wa Uvira anasema unazitoa kokoto zote, kisha unazirudisha shimoni zote isipokuwa moja, na hiyo moja ni yako. Mama wa Bukavu anasema lazima uanze kwa moja, mara ya pili mbili, mara ya tatu tatu, na ukikosea unarudi mwanzo kabisa. Mama wa Lubumbashi amekataa kabisa kueleza kwa maneno. Amesema mchezo huu Zambia pia wanao, wanauita chiyato, na kama tunautaka kweli tumletee kokoto 12, tuondoe meza na kusogeza zulia.

Renson na wenzake walikutana na jambo hilo hilo katika vijiji vya Flanders: kila kijiji na sheria yake. Walipotengeneza vifaa vya kuazimisha mashuleni ilibidi wachague. Mwalimu wetu naye atataka karatasi moja yenye sheria moja. Mimi ningempa zote tatu na kuwaachia watoto wagombane, lakini wenzangu wawili kwenye kamati wanasema hiyo si njia ya kuandaa kipindi cha dakika hamsini, na mjadala huo bado haujaisha. Kwa sasa tumekubaliana kununua kokoto.